Mama Mkwe Anajifunza Kuchora

9 Februari

Mkwe wangu,

Salamu nyingi, na usishtuke kuona barua. Simu ninayo na salio ninalo. Lakini maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza kwenye chumba cha simu, nikiunganisha watu, "subiri kidogo, laini inatumika, haya ongea," na nilipostaafu mimi, masikio nayo yalistaafu. Tena kwenye simu sisi wawili hatuna maneno. Nakuuliza hujambo, unasema sijambo, halafu tunasikilizana tukipumua. Karatasi ina uvumilivu zaidi.

Nina ombi. Tangu umeme umchukue mwanangu kazini, tukamzika huko kwenu mwezi wa nane, nimerudi nyumba hii na sijui niifanyie nini mikono yangu. Kufuma sikujaliwa. Kulima, uwanja wenyewe unatosha kuanika nguo mbili, ya tatu uivae. Wewe ni mwalimu wa kuchora. Nifundishe. Sitanii. Nifundishe kwa barua, kama unavyowafundisha hao wa kidato cha kwanza, na usinionee haya eti kwa sababu mimi ni mama wa mumeo.

Nimeshanunua penseli na daftari lisilo na mistari. Mwenye duka akaniuliza, "La mjukuu hilo?" Nikasema ndiyo. Ningemwambiaje?

Mama mkwe wako


20 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako niliipata, nikaiweka chini ya kitabu cha mahudhurio, nikaisahau, nikaikumbuka. Niwie radhi. Habari zangu ni chache. Nakula, nalala. Kengele ikilia naingia darasani, ikilia tena natoka.

Haya, somo. Weka kikombe mezani, ukae mbele yake, ukitazame mpaka ukichoke. Ukishakichoka ndipo uanze. Watu wengi huchora kikombe wanachokijua badala ya kile wanachokiona. Wanajua mdomo wa kikombe ni duara, basi wanaweka duara zima juu, na kikombe kinakuwa kama kinataka kumwaga chai. Lakini ukikaa kwenye kiti, mdomo huonekana kama duara lililokaliwa na mtu mzito. Chora hilo. Macho yakae kwenye kikombe kuliko kwenye karatasi. Mkono utafuata wenyewe, polepole, kama mtu anayeongozwa gizani.

Na usifute. Mstari ukikosea, weka mwingine pembeni yake. Ule wa makosa unakuonyesha ulikotokea. Mwalimu aliyenifundisha mimi alikuwa akipita nyuma yetu na kofia yake, anakusanya raba zote kama mtu anayechangisha harusi.

Watu hudhani kuchora kunataka moyo mkubwa. Hapana, kunataka macho na subira. Ndiyo maana bado naweza kukufundisha.

Mkweo


6 Machi

Mkwe wangu,

Nakutumia vikombe vyangu. Cha kwanza ni kama sufuria iliyopigwa teke, lakini hicho cha mwisho hebu kitazame vizuri. Mdomo umekaliwa kabisa, na mkono wake uko mahali pake. Nilikitazama siku nzima. Nimekinywea chai miaka mingi na sikuwa nimeona kwamba kina ufa chini ya mkono. Nimekiuliza, "Umekuwa hivi tangu lini?" Unaona ninavyozungumza na vyombo.

Kutofuta kunaniudhi. Kazini kwetu ukiunganisha mtu vibaya unachomoa waya haraka kabla hawajatukanana. Kuliacha kosa pale likinitazama sijazoea.

Na wewe siku hizi unachora nini? Hukuniambia.

Mama mkwe wako


19 Machi

Mama, shikamoo.

Kikombe cha mwisho ni kizuri. Sikusifii bure, sisifii watu bure. Kivuli tu umekiweka kama doa la mafuta. Kivuli kianze kikiwa kizito pale kikombe kinapogusa meza, kisha kilegee kadiri kinavyokwenda mbali.

Somo la pili ni kiti. Lakini usichore kiti. Chora nafasi zilizo katikati ya miguu yake na kati ya zile mbao za mgongoni, zile sehemu ambazo hakuna kitu. Ukizipata hizo sawasawa, kiti kitatokea chenyewe. Wanafunzi hawaniamini mpaka wajaribu.

Nimehama ile nyumba. Vyumba vitatu vilikuwa vingi. Sasa nakaa na mwalimu mwenzangu wa hesabu. Ni mtu mwema, hana maneno mengi, na kwa kupika ananishinda. Tunasaidiana. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Mkweo


2 Aprili

Kwako,

Nimesoma habari za mwalimu wa hesabu. Nimezisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikazisoma tena.

Wewe bado kijana. Sikukuzaa, na hata ningekuzaa nisingekufunga kamba. Ningependa tu ungenitayarisha kidogo, useme "Mama, kuna mtu," halafu barua inayofuata uniambie anapika. Umeniletea mtu na vyakula vyake kwa pamoja. Basi. Mungu awape maelewano. Kama ni mtu mwema kama unavyosema, nami namshukuru.

Ikiwa hutaki kuendelea kuniita Mama nitaelewa. Ila masomo tusiyakatishe. Hayo tulipatana kabla yake.

Kiti hiki hapa. Nafasi nimezichora, na kweli kimetokea.

Aliyekuwa mama mkwe wako


11 Aprili

Mama,

Mwalimu wa hesabu ni mwanamke. Anastaafu mwakani. Wanafunzi wanamwita Bi Kipeo, na anakoroma kama mashine ya kusaga. Kosa ni langu. Ukisema "mwalimu mwenzangu" kwa lugha yetu hii, msikilizaji atamvisha suruali au gauni apendavyo, na mimi sikufikiria. Nilimsomea barua yako akacheka mpaka akashika ukuta. Anauliza kama posa imekubaliwa. Mimi pia nilijaribu kucheka. Sauti ilitoka, kwa hiyo nadhani nilicheka.

Wewe ni Mama. Sijui kukuita vingine.

Uliniuliza nachora nini. Sichori. Ubaoni nawaonyesha watoto, hiyo ni kazi tu, kama dereva anavyogeuza usukani. Kwa ajili yangu mwenyewe sijachora tangu mwezi wa nane. Usidhani ni uchungu. Ungekuwa uchungu ningejua pa kuukamata. Mkono upo na jicho lipo. Tatizo ni kwamba nikikaa mbele ya vitu sioni sababu ya kuchora hiki na kuacha kile. Sabuni, dirisha, mguu wangu, vyote viko sawasawa. Mchoraji lazima apendelee kidogo. Mimi siku hizi sipendelei.

Kiti chako ni kizuri kuliko vingi ninavyosahihisha. Sasa chora vitu vitatu pamoja juu ya meza, vishikane.

Mkweo


4 Mei

Mkwe wangu mpenzi,

Msalimie bwana harusi. Nimejicheka peke yangu mpaka mke wa fundi viatu, jirani yangu, akaja kuangalia kuna nini.

Niwie radhi kwa kukuandikia kwa penseli, kalamu imegoma. Mimi mzima. Nimekaa ndani tu, mvua hizi hazimwachi mtu kutoka, na huyu jirani ananiletea mahitaji na kunipelekea barua posta. Nachora kutwa. Nakutumia kikombe na birika mezani, mlango wa chumbani, na kabati. Siku hizi naona hata vitu ambavyo sikuwa nikivitazama, kama vile dari. Kuna alama ya maji kwenye dari yangu yenye sura ya sikio.

Hukosei unaposema vyote ni sawasawa. Lakini hilo sikio nililipendelea, nikalichora mara tatu.

Mama


16 Mei

Mama, shikamoo.

Michoro imefika. Niseme kweli, kwa sababu uliniambia nisikuonee haya.

Tumerudi nyuma. Kikombe umekisahau mdomo kabisa, umeweka mstari mmoja mnyoofu. Birika nalo limekosa mfuniko. Mlango ni mrefu kama wa ghala na juu unasinyaa. Meza ndiyo imenishangaza zaidi: umechora mbao za chini yake na kichwa cha msumari, vitu ambavyo mtu aliyekaa kwenye kiti hawezi kuviona. Unavijua tu kwamba vipo, basi umevichora. Hilo ndilo kosa tuliloanza nalo Februari.

Usiharakishe. Afadhali mchoro mmoja kwa wiki. Rudia kikombe.

Mkweo


25 Mei

Mwalimu,

Nimerudia kikombe. Kimetoka vilevile. Nimechora ninachokiona, ndivyo ulivyoniambia, sikuongeza wala kupunguza. Msumari upo na nauona. Usiponiamini, basi.

Mama mkwe wako


3 Juni

Mama,

Leo nilikuwa nawafundisha kidato cha pili mstari wa macho. Nawaambia kila mtu hubeba mstari wake popote aendapo, uko palepale macho yake yalipo. Vilivyo chini ya mstari huo unaona upande wake wa juu, na vilivyo juu ya mstari unaona upande wake wa chini. Wakanitumbulia macho. Kwa hiyo nikasimama juu ya meza ya mbele, nikawaeleza ninachokiona. Nikashuka nikakaa, nikawaeleza tena. Halafu nikalala sakafuni. Darasa zima likacheka.

Kutoka pale chini niliitazama meza yangu. Niliona mbao za chini yake, na mtu kaandika kwa chaki "mwalimu anatisha." Chupa ya maji iliyokuwa juu yake haikuwa na mdomo, ilikuwa na mstari. Mlango wa darasa ulikuwa mrefu kama wa ghala, unasinyaa juu.

Sikuinuka. Kiranja akaja kuniinamia, "Mwalimu, uko sawa?" Nikamwomba kalamu na karatasi, nikajaribu kuandika hivyohivyo nikiwa chali. Wino ulikatika kwenye neno la pili. Nikamwomba penseli. Penseli iliandika.

Mama, michoro yako haina kosa. Ni sahihi yote, kuliko yangu ya ubaoni. Umelala sakafuni tangu lini? Nini kimekupata?

Nakuja na basi la Ijumaa. Usijibu, hutawahi.

Mkweo


8 Julai

Mkwe wangu,

Mguu unaendelea vizuri. Kile chuma walichoniwekea nyongani nakisikia asubuhi kukiwa na baridi, lakini natembea na fremu mpaka jikoni na kurudi. Nakuandikia kwa kalamu, nimekaa mezani. Haya nayasema mapema kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Nashukuru ulikuja. Nashukuru ulinitoa kwenye lile godoro la sakafuni na kuniosha kama mtoto, na hukunigombeza kwa kuficha kwamba nilianguka bafuni. Nilikueleza sababu: sikutaka uje kwa wajibu. Mwanangu hayupo, mjukuu hayupo, kinachokufunga kwangu ni adabu tu, na adabu si kamba ya kumvutia mtu safari ndefu namna ile. Na simu niliikwepa kwa sababu sauti ya mtu aliyelala chali naijua, ungeisikia hata wewe.

Lakini lile la hospitali sijalimeza. Ndiyo maana siku uliyoondoka niligeukia ukutani.

Nilikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, mke wa fundi viatu ameshika mkoba wangu. Nesi akauliza nani ataweka saini nipasuliwe, mgonjwa ana mtoto? Nikamwambia ninaye, wa kiume, yuko safarini kikazi. Wewe ukasema, "Amekufa." Hivyo tu. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema duka limefungwa.

Huku mtaani hakuna anayejua. Nilipotoka mazishini niliwaambia nimetoka kumsalimia, amepata kazi mbali, atakawia. Sikupanga, mtu aliniuliza nikiwa bado na begi mkononi, na maneno yakatoka. Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Watu wanamuulizia, nawaambia mzima. Mke wa fundi viatu amekuwa akimtumia salamu. Mwezi wa nane alikufa huko kwenu. Huku kwangu alikuwa hajafa. Umeniulia mwanangu koridoni, mbele ya jirani, nikiwa siwezi hata kuinuka.

Sikutumii mchoro.

Mama yake


17 Julai

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako. Sitaijibu kwa ujanja.

Siku niliyofika, kabla sijavua viatu, mke wa fundi viatu aliniuliza, "Na mumeo, likizo atapata lini?" Nikakutazama. Wewe ukatazama dari. Nikamjibu, "Bado hajapata." Kesho yake akaniuliza kama huko aliko kuna baridi, nikamwambia ipo kidogo. Nilidanganya pamoja na wewe na sikuumia popote. Nikawa naona kweli yuko mahali, anavaa sweta. Hilo lilinitisha kuliko kitu chochote tangu mwezi wa nane, kwamba ningeweza kuendelea hivyo mpaka nizeeke.

Pale koridoni nesi alisema bila saini ya ndugu hakuna upasuaji, na kama mtoto yuko safarini tumsubiri au tumpigie simu. Akatoa simu yake kabisa, "Namba yake ngapi?" Ulikuwa umefumba macho kwa maumivu. Pengine hilo hukulisikia. Mama, ningempa namba gani?

Neno lile sikuwa nimewahi kulitamka. Kazini walijua wenyewe, na wanafunzi walielezwa na mkuu wa shule. Huyo nesi ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwa mdomo wangu, na nilingoja nione kitakachonipata. Hakikunipata kitu. Akasema, "Pole. Weka saini hapa." Akaniuliza mimi ni nani wako, nikasema binti, akaandika binti.

Kwa saini sitaomba radhi. Kwa neno, naomba. Ningeweza kumvuta nesi pembeni nikamnong'oneza, na sikufikiria. Nilijiuliza mimi peke yangu ninachokiona, sikukumbuka wewe umelala wapi.

Ulipokuwa ndani nilikaa kwenye benchi na daftari lako. Nilichora kiatu changu. Ni kibaya, mkono umekuwa mgumu kama wa mtu wa kidato cha kwanza, na nilifuta, mimi ninayewakataza watu. Lakini nilikimaliza.

Somo sina wiki hii. Sijui kama bado unayataka.

Mkweo


30 Julai

Mwanangu,

La simu ya nesi sikulisikia. Nimelifikiria sana. Nimejaribu kujiweka pale uliposimama na namba sina hata mimi.

Sasa nikupe yaliyotokea. Mke wa fundi viatu hakulitangaza lile neno kama nilivyohofia. Alikaa nalo wiki nzima, akija ananiletea uji, ananitazama, anaondoka. Wiki iliyofuata akanishika mkono akasema, "Dada, mimi nimekuwa nikimtumia salamu marehemu?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Amekufa kweli?" Nikamwambia, "Amekufa. Umeme. Mwezi wa nane." Nilingoja na mimi, kama wewe. Nilisikia maji yanachemka jikoni. Ni hilo tu nililolisikia.

Jumamosi wakaja. Wanawake wa mtaa wakajaa sebuleni, na wanaume nje kwenye viti vya kuazima, miezi imepita lakini wamekuja kana kwamba ni jana. Walilia. Mke wa fundi viatu alilia mpaka nikamhurumia. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, mguu juu ya stuli, nikawatazama kama unavyotazama mvua inayonyeshea mlima wa mbali. Nikaomba niletewe daftari. Nadhani walifikiri ni kitabu cha sala. Nikaanza kuwachora. Hakuna aliyenikataza, mama wa marehemu anaruhusiwa wazimu kidogo. Nimechora migongo tu, maana walikuwa wamejiinamia. Mgongo wa mtu anayelia ni kazi, hautulii. Nakutumia miwili. Sikufuta.

Walipotulia, mmoja wao akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kuwaeleza. Nikawaambia alivyofungua redio ya baba yake zikabaki parafujo saba mkononi, na redio ikaimba bila hizo. Nikawaambia alivyokuwa akiogopa kuku. Wakacheka. Wakasema tuambie zaidi, na hapo nikaishiwa. Nimeishia pale alipopata kazi akahamia huko. Baada ya hapo ninachojua ni sauti ya Jumapili, "Mama, hujambo? Umekula? Haya." Hata kwa masikio haya yangu sikuwahi kusikia zaidi ya alichotaka nisikie.

Mimi nilimjua mtoto. Yule mtu mzima aliishi na wewe. Sijui alikasirika vipi, aliamka na uso gani, alikuogopa au hakukuogopa, alichekea nini. Nimemzika mtu ambaye nusu yake sijaambiwa.

Shule ikifungwa, njoo. Usije kunihudumia, naoga mwenyewe. Mlete na Bi Kipeo kama anataka kuonana na mkwewe. Mke wa fundi viatu atakuwepo, na wengine watakuja, wameshaniuliza ni lini. Tutakaa, nawe utuambie alikuwa nani. Ukishindwa kulia, usilie, mimi pia sijaweza. Sema tu. Anza popote.

Mama